Gitaa Linalosema: Mwenda wa Bayeke na Kiswahili cha Lubumbashi

1. Utangulizi

Neno jazi liliingia katika Kiswahili likiwa na maana pana kuliko ile liliyokuwa nayo kwao Marekani. Kwa msikilizaji wa Morogoro, wa Nairobi au wa Lubumbashi, jazi ilikuwa bendi yoyote ya dansi yenye magitaa na tarumbeta. Morogoro Jazz walijiita hivyo. OK Jazz, iliyoundwa Leopoldville mwaka 1956, ikajiita hivyo pia, ingawa bendi hizo hazikupiga muziki wa New Orleans. Jazi ya Marekani yenyewe ililetwa Lubumbashi, mji ulioitwa Elisabethville siku hizo, mwezi wa Novemba 1960, Louis Armstrong alipopiga huko tarumbeta yake katika ziara iliyodhaminiwa na serikali ya Marekani. Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo tangu tarehe 11 Julai mwaka huohuo, na miezi miwili hivi baada ya onyesho hilo Patrice Lumumba aliuawa nje ya mji uleule.

Mgeni huyo mashuhuri alikuta mji wenye muziki wake. Miaka minane kabla ya ziara yake, kijana mmoja wa Katanga alikuwa amerekodiwa akifanya kwa gitaa moja na sauti moja lile ambalo wapenzi wa jazi hulihesabu kuwa moyo wa sanaa yao: kushika mzunguko mfupi wa sauti, kuurudia, na kila anapourudia kuubadilisha kidogo hata msikilizaji asijue ni wapi uliporudiwa na ni wapi ulipotungwa upya. Kijana huyo ni Mwenda Jean Bosco, aliyejulikana baadaye kwa jina la Mwenda wa Bayeke.

Mengi yamekwisha kuandikwa juu ya vidole vyake. Makala haya yanakusudia kuhakiki upande mwingine, yaani lugha aliyoimbia. Hoja yenyewe ni kwamba mchanganyiko wa asili na usasa ambao wahakiki humsifia Mwenda hauwezi kueleweka kwa kusikiliza gitaa peke yake. Ulifanyika ndani ya Kiswahili cha Lubumbashi, na sifa za lugha hiyo ndizo zilizolipa gitaa kazi liliyoifanya. Hoja hii ikikubaliwa, lugha ambayo wasomi wengi huipuuza kwa kuiita mbovu itabidi ihesabiwe miongoni mwa zana za msanii huyo.

2. Mtunzi na mazingira yake

Mwenda alizaliwa mwaka 1930. Asili yake ni Bunkeya, makao ya Bayeke, watu ambao wazee wao walitoka Usumbwa, magharibi ya Tanzania ya leo, wakifuata shaba na pembe za ndovu katika karne ya 19. Mtawala wao mkuu, Msiri, aliuawa mwezi wa Desemba 1891 na msafara wa Stairs uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Jina Mwenda ni jina la ukoo wa watawala wa Bunkeya. Kwa hiyo, Kiswahili hakikuwa mgeni katika nchi aliyotoka msanii huyu: kilikuwa kimepita humo pamoja na misafara ya biashara kabla Wabelgiji hawajajenga mji wowote wa migodi.

Elisabethville ilianzishwa mwaka 1910, wakati reli kutoka kusini ilipofika. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilivuta wafanyakazi kutoka Rhodesia ya Kaskazini, kutoka Kasai, kutoka nchi ya Baluba na baadaye kutoka Rwanda na Burundi. Watu hao hawakuwa na lugha moja. Kiswahili kikawa lugha ya kambi, ya soko na ya shule, na kwa watoto waliozaliwa mjini kikawa lugha ya kwanza. Sheria ya kikoloni ya mwaka 1931 iliviita vitongoji vya Waafrika kwa jina la Kifaransa lenye maana ya vituo vilivyo nje ya mila. Jina hilo lina uzito katika uhakiki huu. Mtawala alidhani kwamba mtu akihamia mjini huacha mila nyuma, kama mtu avuavyo nguo. Nyimbo za Mwenda zinaonyesha jinsi dhana hiyo ilivyokosea.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika aliyefanya kazi Afrika Kusini, alimrekodi Mwenda huko Jadotville, mji unaoitwa Likasi leo. Sahani za santuri zilizotolewa na Gallotone, zikiwemo za nyimbo “Masanga” na “Bombalaka”, zilienea Afrika ya kusini, ya kati na ya mashariki. Mwenda alifanya kazi Nairobi kwa muda, na Edouard Masengo, jamaa yake na mpigaji mwenzake aliyehusika na kikundi cha vichekesho cha JECOKE katika mtaa wa Kenya mjini Lubumbashi, alikaa huko zaidi. Wapigaji wa Kenya wa miaka ya 1950 na 1960 waliwasikiliza na kujifunza kwao. Mwaka 1969 Mwenda alipiga katika tamasha la Newport, Marekani. Mwaka 1982 alizuru Ulaya, na mwaka 1988 alirekodi tena Cape Town. Alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari nchini Zambia.

3. Sifa inayojirudia na upungufu wake

Wahakiki hupenda kusema kwamba Mwenda “alichanganya asili na usasa”. Sifa hii si uongo, lakini haielezi chochote. Inachukulia kwamba palikuwa na vyungu viwili, kimoja cha nyimbo za Bunkeya na kingine cha muziki wa sahani za Kuba na Marekani, na kwamba msanii alichota humu na humu. Mtu aliyezaliwa mwaka 1930 katika Katanga hakuwa na vyungu viwili. Misheni, mgodi, ngoma, gitaa, sinema na masimulizi ya bibi yake vilikuwa ndani ya maisha yaleyale.

Ulinganisho na nchi ya mbali unasaidia kuliona jambo hili. Huko Latvia, kando ya Bahari ya Baltiki, kuna nyimbo fupi za jadi ziitwazo daina, nyingi zikiwa na mistari minne tu. Krišjānis Barons (1835–1923) alizikusanya na kuzipanga, akazichapisha kati ya mwaka 1894 na 1915. Karatasi zake zinahifadhiwa katika kabati maalumu ambalo UNESCO iliandikisha mwaka 2001 katika kumbukumbu za dunia. Mwimbaji wa jazi wa Riga anayetaka kuunganisha jadi na muziki wa kisasa anaweza kwenda kwenye kabati hilo. Jadi inamngoja ikiwa imeandikwa, imehaririwa na kuheshimiwa. Kazi yake ni kuitoa katika karatasi na kuirudishia pumzi.

Mwenda alifuata njia iliyo kinyume kabisa. Hakuwa na kabati. Alichokuwa nacho kilikuwa masikioni na kinywani, na baadaye yeye mwenyewe ndiye aliyewekwa kabatini: katika maktaba ya sauti ambayo Tracey aliianzisha Afrika Kusini mwaka 1954, na katika hifadhi za Ulaya. Mwimbaji wa Riga huchukua maandishi akayafanya sauti. Sauti ya Mwenda ilichukuliwa, na bado inangoja maandishi. Katika Lubumbashi, basi, kazi ya Barons haijatangulia ile ya mwimbaji. Imebaki nyuma yake, mikononi mwa wasomi.

Kazi hiyo imefanywa nusu. David Rycroft alichapisha katika jarida la African Music, mwaka 1961 na 1962, uchambuzi wa upigaji wa Mwenda, akinukuu sauti za gitaa moja baada ya nyingine. Kichwa cha makala yake kilitaja gitaa, na gitaa ndilo lililochambuliwa. Mwaka 1979 John Low alifika Lubumbashi kujifunza kwa Mwenda, Masengo na Losta Abelo, na shajara ya safari yake ikachapishwa Vienna mwaka 1982. Gerhard Kubik naye aliandika juu ya mbinu ya vidole viwili. Kazi hizo ni za kuheshimiwa, na pasipo hizo mengi yangepotea. Hata hivyo maneno ya nyimbo hayakupata uangalizi wa kiwango kilekile. Gitaa lilisikilizwa na watu waliojua gitaa. Kiswahili hakikusikilizwa vya kutosha na watu waliojua Kiswahili.

4. Toni, mkazo na kazi ya gitaa

Lugha nyingi zilizokutana Katanga, kama vile Kisanga, Kiluba na Kibemba, ni lugha za toni. Katika lugha hizo kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno. Mtunzi wa wimbo hana uhuru kamili: mahadhi yakipanda pale ambapo neno linashuka, msikilizaji anaweza kusikia neno jingine au asisikie neno lolote. Ndiyo maana katika nyimbo nyingi za jadi mahadhi na usemi hutembea pamoja, na ndiyo maana ngoma ya gogo lenye mwanya, yenye sauti mbili, ya juu na ya chini, iliweza kupeleka habari kutoka kijiji hadi kijiji. Ngoma hiyo haikuwa na irabu wala konsonanti. Ilikuwa na toni peke yake, nayo ilitosha kwa wanaoijua.

Kiswahili hakina toni ya aina hiyo. Mkazo wake huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na mara chache tu hutofautisha maana, kama katika mfano maarufu wa barábara na barabára. Mtunzi anayeimba kwa Kiswahili anaweza kuyapandisha au kuyashusha mahadhi apendavyo bila kuharibu neno. Wasomi wa taarabu wameuzoea uhuru huu kiasi cha kutouona. Kwa mtunzi wa Katanga aliyelelewa katikati ya lugha za toni, ulikuwa uhuru mpya, na papo hapo ulikuwa hasara, kwa sababu sauti ya kinywa ilipoteza njia mojawapo ya kusema.

Hapa ndipo sanaa ya Mwenda inapojifunua. Katika rekodi za mwaka 1952 mwimbaji hatafuti mapambo mengi ya sauti. Anaimba karibu na usemi wa kawaida, kwa vifungu vifupi, kisha ananyamaza na kuliacha gitaa liendelee. Upigaji wake ni wa vidole viwili: gumba linashika nyuzi za chini, na kidole cha shahada kinatafuta zile za juu. Sauti ya chini na sauti ya juu zinaitana, zinajibizana, zinapishana. Msikilizaji wa “Masanga” anaona wazi kwamba sehemu ya gitaa baada ya kifungu cha maneno haiji kujaza ukimya. Inakuja kama mtu wa pili anayeongeza neno.

Inawezekana basi kusema hivi: kile ambacho Kiswahili kilikiondoa katika kinywa cha mwimbaji, yaani mchezo wa juu na chini wenye maana, Mwenda alikihamishia kwenye nyuzi. Sauti yake ikachukua maneno ya lugha ya mji, lugha ambayo mtu wa Kasai na mtu wa Bunkeya waliielewa sawasawa. Gitaa likachukua ule mwendo wa usemi ambao kila mmoja wao aliujua kutoka lugha ya mama yake, kila mmoja kwa namna yake. Mchanganyiko wa asili na usasa haupatikani kwa kuweka wimbo wa kijijini kando ya gitaa la kigeni. Umo katika mgawanyo huu wa kazi kati ya kinywa na mkono.

Pingamizi moja ni la haki. Gitaa la Mwenda linafuata pia mpangilio wa sauti za Kizungu, ule uliojulikana kwa kila mpigaji aliyesikiliza nyimbo za kanisa na sahani za dansi. Je, si kutia chumvi kuliita gitaa hilo ngoma inayosema? Jibu ni kwamba mpangilio huo unaeleza ni sauti zipi zinaruhusiwa kukutana, lakini hauelezi zinakutana kwa mwendo gani. Mwendo wenyewe, yaani pale ambapo kidole cha shahada kinatangulia kidogo au kuchelewa, hautoki katika kitabu cha nyimbo za kanisa. Pamoja na hayo, hoja hii inabaki kuwa dhana mpaka ipimwe. Namna ya kuipima ipo: wasikilizaji wazee wanaosema Kisanga, Kiluba au Kibemba wasikilizishwe vipande vya gitaa visivyo na maneno, na kila mmoja aulizwe peke yake kama anasikia usemi wowote ndani yake. Majibu yakipatana, dhana itakuwa imepata nguvu. Yakitofautiana kabisa, itabidi iachwe.

5. Irabu, viambishi na msamiati

Kiswahili cha Lubumbashi kina sifa zinazojulikana sana kwa wanaisimu. Kiambishi ba- hutumika pale ambapo Kiswahili sanifu kina wa-: batoto, banatoka. Sauti h hudondoka mwanzoni mwa maneno: apa, uyu. Viambishi ka- na tu- vya udogo viko hai: katoto, tutoto. Muntu husemwa badala ya mtu, mayi badala ya maji, na mutoto badala ya mtoto.

Sifa hii ya mwisho ina matokeo katika uimbaji. Idadi ya silabi ni ileile: m-to-to na mu-to-to zote zina silabi tatu. Lakini silabi ya kwanza katika umbo sanifu ni m peke yake, sauti ambayo mwimbaji huitoa akiwa amefunga midomo. Katika umbo la Lubumbashi silabi hiyo ina irabu, na midomo iko wazi. Mwimbaji anapata mahali pa kuweka sauti katika kila pigo la mzunguko, na kila noti ya gitaa inaweza kukutana na silabi iliyo kamili. Mhariri anayenukuu wimbo wa Mwenda kisha “akamsahihisha”, akaandika mtoto pale palipoimbwa mutoto, hajasahihisha tahajia tu. Amebadilisha muziki.

Msamiati nao unadai msomaji mwenyeji. Chukua jina la wimbo wake “Tambala Moja”. Msomaji wa kamusi sanifu atakutana na neno tambara, kipande cha nguo kuukuu, na ataanza kuuona umaskini au dharau mahali ambapo pengine havipo. Katika Kiswahili cha Kongo neno hilo huitwa hata kitambaa cha kufunga kichwani, kitu ambacho mwanamke wa mjini anaweza kukitaka, kukipewa au kukisubiri. Umbali kati ya tambara la kufutia vumbi na kitambaa cha kujipamba unatosha kupotosha uhakiki mzima. Asiyejua lugha ya mitaa ya Kenya, Katuba na Kamalondo hana budi kuuliza kabla ya kufasiri.

6. Kujitaja jina

Wapiga gitaa wa Katanga wa kizazi hicho walikuwa na desturi ya kujitaja ndani ya nyimbo zao: jina, mahali wanapotoka, pengine hata wanapokaa. Wahakiki wa nje wameiona desturi hii kuwa tangazo la biashara, na kwa kiasi fulani ni kweli, kwa kuwa sahani ya santuri ilikuwa ikisafiri bila mwenyewe. Lakini msikilizaji wa Lubumbashi alisikia zaidi ya tangazo. Miongoni mwa Baluba wa Kasai kuna utanzu wa kasala, ambao Patrice Mufuta aliuchambua katika kitabu cha mwaka 1969 na Clémentine Faïk-Nzuji katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1974. Katika kasala mtu hutajwa kwa majina yake, ya wazazi wake na ya mahali pa asili, na kwa kutajwa hivyo huwekwa mahali pake mbele ya watu.

Si lazima kudai kwamba Mwenda, mtu wa Bunkeya, aliiga kasala. Majigambo na sifa za ukoo zilikuwapo pia katika desturi za nyumba za watawala, na jina alilolichagua, Mwenda wa Bayeke, lenyewe ni sifa fupi. Jambo la kuzingatia ni lile alilolifanya kwa utanzu wa aina hiyo. Katika mji uliotangazwa na sheria kuwa nje ya mila, ambamo mfanyakazi alijulikana kwa namba ya kampuni na kwa kitabu chake cha kazi, mwimbaji anasimama na kusema jina lake na kwao. Anasema kwa Kiswahili, ili jirani asiyetoka kwao aelewe. Sifa za ukoo zilizokuwa zikisemwa mbele ya jamaa zinasemwa sasa mbele ya wageni, na zinageuka kuwa madai: mimi si namba.

7. Upungufu

Uhakiki unaosifu tu haumtendei msanii haki. Kuna nyimbo za Mwenda ambamo maneno ni machache mno na hayabebi uzito wowote. Gitaa linabaki kuwa onyesho la wepesi wa vidole, na mzunguko unachosha kabla haujaisha. Rekodi za Cape Town za mwaka 1988, zilizotolewa Marekani mwaka 1994, zina thamani kubwa kwa kuwa zimehifadhi sauti ya mtu mzima akirudia kazi za ujana wake. Lakini nyimbo zilezile, zikiimbwa mbali na wasikilizaji wanaoijua lugha yake, zinaonekana kupoteza ule mvutano wa kuulizana na kujibizana. Msanii anayeimba mbele ya watu wasioelewa maneno hulazimika kuliachia gitaa kila kitu, na gitaa halikuumbwa kubeba kila kitu. Upungufu huu unathibitisha hoja ya makala haya kwa njia ya kinyume: pale Kiswahili kinapokosa msikilizaji, hata vidole hupungukiwa.

8. Hitimisho

Mwezi wa Desemba 2021 UNESCO iliandikisha rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa binadamu. Heshima hiyo ilistahili, nayo imeyafanya masikio ya watu yaelekee zaidi Kinshasa na Brazzaville, na Kilingala. Gitaa la Katanga na Kiswahili chake vinahitaji watetezi wa kwao.

Mfano wa kufuata upo Lubumbashi hapohapo. Historia ya mji huo iliyoandikwa mwaka 1965 na André Yav kwa niaba ya watumishi wa zamani wa nyumbani, kwa Kiswahili cha mitaani na tahajia isiyofuata sarufi yoyote ya shule, ilihaririwa na Johannes Fabian na kuchapishwa mwaka 1990 pamoja na tafsiri na ufafanuzi. Maigizo ya kikundi cha Mufwankolo yalinukuliwa na Walter Schicho katika kitabu cha mwaka 1981. Katika kazi hizo mbili Kiswahili cha Lubumbashi kilichapishwa jinsi kilivyosemwa na kuandikwa, na hakuna aliyepoteza chochote kwa kukisoma. Nyimbo za Mwenda, za Masengo na za Losta Abelo zinastahili uangalizi uleule: maneno yanukuliwe kutoka sahani kwa matamshi yaliyoimbwa, yafafanuliwe na wazee wanaoikumbuka mitaa ya miaka ya 1950, na yasomwe darasani kando ya utenzi wa Lamu na shairi la Tanga.

Chuo Kikuu kilifunguliwa Elisabethville mwaka 1956, miaka minne baada ya Tracey kumrekodi Mwenda. Wimbo ulitangulia chuo. Mwanafunzi wa Lubumbashi hufundishwa mapema kuona haya kwa kusema mutoto mbele ya mgeni kutoka Dar es Salaam. Mutoto huyohuyo amesikilizwa Nairobi, Newport na Berlin kwa zaidi ya miaka sabini, na wasikilizaji hawakumwona kuwa na kasoro. Wazee wanaoweza kueleza maneno ya sahani hizo wanazidi kupungua kila mwaka. Mkusanyaji wa Latvia alianza kazi yake wakati vinywa bado vikiimba. Wa Lubumbashi hana muda mrefu wa kungoja.